Mafuta ya Moyo wa Muuza Nyama

Ngarenaro, jioni

Eliamani, mama yangu,

Umetoka sasa hivi kwenda Sokon One kumuaga shangazi yako kabla ya basi la kesho asubuhi, na kwa ninavyomjua dada yangu hatakuachia upesi. Kwa hiyo nimefunga bucha mapema, nimenawa mikono kwa sabuni ya kufulia, na nimekaa mezani na kalamu. Wateja wameshagonga dirisha wakidhani naumwa. Nimewaambia naandika barua, wakacheka, maana hawajawahi kuniona nikiandika kitu kirefu kuliko bei ya maini.

Mambo ya sweta, chandarua na vyakula vya njiani namwachia shangazi yako. Atayamaliza yote na atazidisha. Mimi nataka kukueleza habari za moyo wangu, ule wa nyama, uliomo hapa kifuani. Alhamisi nilikwenda Moshi kupimwa mara ya pili, na uliponiuliza majibu nikakwambia bado hayajatoka. Yalikuwa yametoka. Nitakupa yote humu humu, ila niache niyafikie kwa njia yangu, kwa sababu nikikupa majibu peke yake utayasoma kama mwalimu wa baiolojia, na mimi nataka uyasome kama mwanangu.

Najua pia ulichopanga. Utaripoti shuleni Sumbawanga ili ajira isipotee, utakaa muhula mmoja, kisha utaomba uhamisho urudi Arusha, sababu: mzazi mgonjwa. Shangazi yako hajawahi kutunza siri tangu tukiwa watoto, kwa hiyo usimlaumu. Aliponiambia nilikasirika. Halafu nikaogopa. Niliogopa kwamba utamaliza ujana wako ukiwa mlinzi wa kifua changu, na kwamba mimi, moyoni, ningefurahi.

Kazi hii niliianza Kikatiti nikiwa mdogo kuliko ulivyo sasa, nikisaidia kuchuna ngozi siku za gulio. Ulipofika wakati wa ruksa, kila mtu akawa huru kufungua alichoweza, nami nikaja mjini, nikapanga chumba hiki hiki, nikapaka ukuta chokaa na kufunga ndoano. Miaka ile fedha za Mererani zilikuwa zinaingia Arusha kwa fujo. Wanaapolo, vijana wa machimbo ya tanzanaiti, wakipata jiwe walikuja wakiwa na vumbi mpaka kwenye kope, wakaagiza nyama ya kuchoma ambayo hawawezi kuimaliza. Hakuna aliyetaka nyama kavu. "Kata penye mafuta, mangi," walikuwa wananiambia, "sisi siyo wagonjwa." Mimi ni Mmeru, si Mchaga, lakini kwao kila mwenye duka alikuwa mangi, na sikuwabishia kwa sababu walilipa vizuri.

Na mimi niliamini kama wao. Katika kazi yetu unono ndio uzima. Ukimfungua mnyama, kabla hujaangalia paja wala nundu, unaangalia mafuta ya figo na mafuta ya moyo. Ng'ombe aliyeshiba, moyo wake umevikwa mafuta meupe, magumu, kuanzia juu kwenye mishipa mikubwa kushuka mpaka kwenye mifereji ya pembeni. Ng'ombe aliyepigwa na ukame, mafuta yale yanageuka majimaji, yanatikisika kama uji uliopoa, na mkaguzi wa nyama akiyaona anarudisha muhuri wake mfukoni. Mwili wenye njaa unakula mafuta yake yote, na haya ya moyo unayaacha mpaka mwisho kabisa. Siku nilipooneshwa jambo hilo machinjioni nilistaajabu, nikasimama na kisu mkononi mpaka nikapigiwa kelele. Nilijiambia kwamba mwili unajua moyo ni nini, na unautunzia akiba.

Mama yako alipoanza kukonda, nilitumia elimu hiyo. Kwetu Meru mwanamke akijifungua, au mtu akiugua, anachinjiwa kondoo, mafuta ya mkia yanayeyushwa na anayanywa yakiwa bado ya moto. Nilichinja kondoo mmoja baada ya mwingine. Mama yako aliyanywa kwa utii, akijitahidi kutabasamu ili nisiumie, na alizidi kukonda. Mtaani walishaanza kusema amekanyaga waya, maana ndivyo watu walivyousema Ukimwi siku zile bila kuutaja.

Dawa hazikuwepo kwa watu kama sisi, kwa hiyo kifo chake sijibebeshi. Ninachojutia ni kitu kidogo, na ndicho kinachoniuma zaidi. Miezi yake ya mwisho niliitumia kuangalia kama amenona. Kila asubuhi macho yangu yalikwenda kwenye mashavu yake, kwenye mikono, kwenye kola ya gauni ilivyomlegea. Yeye alitaka tuzungumze. Siku moja akaniambia, "Baba Eliamani, niangalie mimi." Nikamwambia, si nakuangalia? Akasema, "Hapana. Unaangalia kilo."

Ukabaki wewe, mwembamba kama fito. Nilikuwa na hofu ambayo sikumwambia mtu, na kukupeleka kupimwa damu sikuthubutu. Badala yake, kila Jumapili tukitoka kanisani nilikutia kwenye kapu nikakuning'iniza kwenye mizani ya bucha. Wewe ulidhani ni bembea. Ulikuwa unarusha miguu, mshale unacheza, na mimi nakuomba utulie huku jasho linanitoka mgongoni. Mshale ukionesha umepungua, hata kidogo, jioni yake ulikunywa mafuta ya kondoo huku nimekubana pua. Najua unalikumbuka hilo, maana mpaka leo nikiweka sufuria ya mafuta jikoni wewe unahamia sebuleni.

Basi Jumapili moja shangazi yako akaingia, akakuona umening'inia katikati ya mapaja ya ng'ombe na gauni lako la kanisani, unacheka. Alikaa juu ya gogo la kukatia nyama akalia. Kesho yake alikubeba mwenyewe mpaka hospitali, wala hakuniomba ruhusa. Hukuwa na virusi. Hujawahi kuwa navyo. Ulikuwa mwembamba kwa sababu bibi yako, uliyepewa jina lake, alikuwa mwembamba, na aliishi mpaka akawa mkongwe, jembe mkononi. Mwenye virusi nilikuwa mimi.

Dawa zilipofika kliniki yetu nilikuwa nimebaki mifupa. Ulikuwa darasa la nne au la tano, na ulikuwa unanishika mkono kunipeleka uani. Niliyaona maisha yakirudi mwilini mwangu, Eliamani, na mpaka leo nikilifikiria jambo hilo nashindwa kulielewa. Kidonge kidogo kuliko punje ya mahindi, asubuhi na jioni, na mtu aliyekuwa ameshachaguliwa mahali pa kuzikwa anasimama, anaomba chakula, anaulizia bei ya ng'ombe. Haukupita muda mrefu nikawa nabeba paja zima peke yangu kutoka kwenye gari. Kitambi kikaota, nikakifurahia kama mtoto mchanga.

Dawa zile za mwanzo zilikuwa na vituko vyake. Mashavu yalizama, mikono na miguu ikabaki mishipa mitupu, tumbo likazidi kwenda mbele. Mtaani walishindwa kunielewa: uso wa mgonjwa, tumbo la mwenyekiti wa chama. Mimi nililiangalia tumbo peke yake, na nikaamua kuusaidia mwili wangu. Kila nilipopasua ng'ombe nilijitengea mafuta ya moyo, nikayakaanga na vitunguu nikala na ndizi. Jumamosi nilikunywa ya kondoo. Wenzangu wa kliniki niliwafungia ya kwao kwenye gazeti na kuwagawia bure, nikiwaambia haya ndiyo yanayobaki mwisho, haya ndiyo akiba. Niligeuka mhubiri wa mafuta. Kuna mama mmoja alisimama kwenye kikao chetu akaniombea baraka kwa ajili ya vifurushi vile.

Mwaka juzi wewe ulinikuta bucha nimeegemea ukuta, paja la ng'ombe liko sakafuni, pumzi hazitoshi. Ulininunia mpaka nikakubali kwenda hospitali. Daktari wa kliniki akaniambia kwamba sisi tulioishi na virusi miaka mingi siku hizi tunachunguzwa hata mioyo, akaniandikia niende Moshi kwenye mashine ya skani. Wewe ulikuwa umesharudi chuoni. Nilikwambia kwa simu kwamba nimepigwa picha na kwamba chai ya kantini yao ni nzuri. Leo nikusimulie sawasawa.

Walinilaza chali kwenye kitanda chembamba, mikono juu ya kichwa, wakanibandika nyaya kifuani. Mbele yangu kulikuwa na duara kubwa jeupe lenye tundu katikati, na kitanda kikaanza kutembea chenyewe kuniingiza mle. Mashine ikazungumza Kiingereza. Kijana aliyekuwa nyuma ya kioo akanitafsiria kwa kipaza sauti: "Vuta pumzi, mzee. Ishikilie hapo hapo. Achia." Duara likavuma, likazunguka, nikafumba macho nikisubiri maumivu. Nilipouliza wanaanza saa ngapi, kijana akasema, "Tumeshamaliza, mzee. Vaa shati."

Daktari aliyezisoma picha ni binti, labda amekuzidi miaka michache tu. Aliniamkia shikamoo, akanivutia kiti mpaka mbele ya kompyuta yake. "Baba, ungependa kuona?" Nikasema ningependa. Akabonyeza, na mimi nikatokea pale nimekatwa.

Sijui nikuelezeje, mama. Nimekata nyama maisha yangu yote. Kukata kipande chembamba kilichonyooka ni kazi: kisu kiwe kikali, nyama iwe imepoa, mkono usitetemeke, na bado kuna mahali kitapinda. Na pale nilikuwa nimekatwa vipande vyembamba kuliko nilivyowahi kukata mimi, kuanzia chini ya shingo mpaka tumboni, vyote vimenyooka, vimepangwa kwa mfuatano, na mwenyewe nimekaa kwenye kiti navitazama, shati limefungwa vifungo. Hakuna kisu kilichopita wala tone la damu. Binti alikuwa anavipitisha kwa kidole, kimoja baada ya kingine, nami nikaanza kuvitaja bila kuombwa: huo uti wa mgongo, hizo mbavu, hapo kidari, hayo mapafu, hapo chini ini linaanza.

Akageuka kunitazama. "Baba, umesomea wapi?"

"Ngarenaro," nikasema. "Bucha."

Alicheka mpaka miwani ikamshuka puani. Kisha akasimama kwenye kipande kimoja, akasema, "Na huu?"

Ni moyo wangu. Ulikuwa umelala kidogo kwa kushoto, umebanwa kati ya mapafu, na ulikuwa mdogo kuliko nilivyotegemea. Mimi nimezoea moyo wa ng'ombe, unaojaza mikono miwili. Huu ungekaa kwenye kiganja changu na nafasi ingebaki. Nilifikiri kwamba kitu hicho ndicho kilichokuwa kinapiga siku tulipomzika mama yako, wakati mimi natamani kisimame nimfuate. Hakikunisikiliza. Kilipiga nilipokuwa mifupa, kilipiga nikiwa usingizini bila mtu wa kukisimamia, kilipiga nilipokuwa nakuning'iniza kwenye mizani. Nimeshika mioyo mingi isiyo na hesabu mikononi mwangu, na siku hiyo ndiyo ya kwanza nilijua moyo ni nini. Machozi yalinitoka na sikuyafuta. Binti naye hakunisumbua, alijifanya anatafuta karatasi.

Baadaye akaanza kazi yenyewe iliyonileta pale. Alichora mstari kuuzunguka moyo, polepole, kipande hadi kipande, akiifuata ile ngozi laini inayoufunika, ambayo mimi kila siku naichana nawatupia mbwa. Alipomaliza akaiamuru kompyuta, na kila palipokuwa na mafuta ndani ya mstari ule pakageuka njano. Njano ilikuwa nyingi. Iliuzunguka moyo karibu wote, nene juu kwenye mishipa, ikaingia mpaka kwenye mifereji, mahali pale pale ninapopajua. Na mimi, baba yako, nikapiga paja langu kwa furaha. "Mnono," nikamwambia. "Daktari, huyu ningemnunua hata kwa bei ya Krismasi."

Safari hii hakucheka. Alivua miwani, akaifuta, akairudisha.

"Baba," akasema, "hayo ndiyo tuliyokuwa tunayatafuta, na tulitaka tuyakute machache."

Nilibishana naye. Unanijua. Nilimweleza habari ya ng'ombe wa ukame, nikamweleza habari ya akiba. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akasema ni kweli kabisa, hata kwa binadamu mafuta kidogo mahali pale yanaulinda moyo na kuulisha. Lakini yakizidi hayakai kimya. Yanatoa vitu vinavyoichokoza mishipa ya moyo, na mishipa ikichokozwa miaka mingi inaweza kuwa migumu na kuziba. Nikasema nimefungua ng'ombe wanono maisha yangu yote na sijaona moyo uliozibwa na mafuta yake.

"Ng'ombe wako walikuwa na umri gani?" akaniuliza.

Ng'ombe wangu wote niliwachinja vijana. Sikuwahi kumpa hata mmoja nafasi ya kuzeeka na unono wake nione utamfanya nini. Kazi yangu ilinifundisha kitu cha kweli, na kwa kuwa kilikuwa cha kweli sikufikiri kwamba kina mwisho. Ukiniuliza leo ni nini kilichoniponza maishani, nitakwambia ni hicho hicho. Nilijua sana jambo moja, nikalibeba mpaka mahali ambapo halikuwa linafanya kazi, nikamlisha nalo mke wangu, nikakunywesha wewe, nikawafungia wenzangu kwenye gazeti.

Nilimuuliza kama ni yale mafuta ya kondoo yaliyonifikisha pale. Nilitaka aseme ndiyo, nipate wa kumlaumu, hata kama ni mimi. Akasema huenda yamechangia. Akasema virusi navyo, hata vikiwa vimelazwa na dawa, vinauchosha mwili chinichini. Dawa zile za zamani nazo zilikuwa zinayatoa mafuta usoni na mikononi na kuyaacha yajazane ndani. Kuna umri, kuna kurithi. "Kila kimoja kina sehemu yake, baba, na sisi bado hatujui kuzigawa vizuri. Ndiyo maana tunapima." Nilimpenda zaidi alipokiri kwamba hajui. Ana mashine inayomkata mtu mzima bila kumgusa, anaona njano ndani ya kifua cha mtu aliyevaa shati, na bado anasema hajui.

Niliporudi niliwaendea wenzangu wa kliniki mmoja mmoja kuwaambia tuache yale mafuta. Yule mama aliyeniombea baraka alinitazama sana. "Kwa hiyo niwape paka?" akauliza. Nikasema wape paka. Tangu siku hiyo, kabla sijafungua bucha natembea mpaka pale nyumba zinapoachia na Mlima Meru unaonekana wote, miti chini na mwamba mtupu juu. Nilizaliwa chini ya mlima huo na miaka mingi nilikuwa nautazama ili kujua tu kama mvua inakuja. Sasa nasimama pale nikihema na kuutazama, nashukuru kwamba nahema.

Sasa majibu ya Alhamisi. Njano imebaki. Upande mmoja imepungua kidogo, daktari alinionesha kwa ncha ya kalamu, mimi sikuiona tofauti lakini nilimwamini. Halafu kuna kitu kipya. Kwenye mshipa mmoja unaoulisha moyo pana doa jeupe, dogo. Ni chokaa. Maana yake mshipa umeanza kuwa mgumu mahali pale. Haujaziba. Ameniongezea kidonge kingine na amenikataza kubeba mapaja. Nilimuuliza bila kuzunguka nina muda gani. Akasema, "Mashine ya kupima hilo, baba, sina."

Ndiyo hayo. Naweza kuishi mpaka nikabebe wajukuu, na naweza kuanguka pale gogoni siku yoyote wakati namkatia mtu nusu kilo. Sijakuficha hata kipande kimoja.

Utasema, si ndiyo maana nataka kurudi. Nilijua utasema hivyo, ndiyo sababu nilidanganya siku zote hizi tangu Alhamisi, na samahani kwa hilo. Lakini nikwambie ninachokiona. Tangu umalize chuo unanitazama kifuani. Nikipanda ngazi za kanisani unasimama nyuma yangu mikono tayari. Juzi nilikuwa nakusimulia yule mteja aliyerudisha ulimi wa ng'ombe kwa kuwa mke wake aliota unaongea, na hukucheka, mwanangu, na ile habari inachekesha. Ulikuwa unasikiliza pumzi zangu. Nililitambua jicho lile, kwa sababu ndilo nililomtazamia mama yako. Mimi nilimpoteza angali yuko hai, akiwa amekaa kitandani mbele yangu ananiomba nizungumze naye. Sitaki na wewe unipoteze hivyo.

Sumbawanga ni mbali, najua. Siku nikianguka utapigiwa simu, utalia ndani ya basi njia nzima, na utakuta shangazi yako ameshanipanga vizuri na anagombana na watu wa maturubai. Jambo hilo linanitisha hata mimi ninayeliandika. Lakini hata ungekuwa umelala chumba cha pili usingelizuia. Ungekuwa umekaa miaka yote hiyo ukilisubiri tu, na watoto wa watu wanakaa darasani bila mwalimu. Ukitaka uhamisho, omba. Andika kwamba baridi ya kule imekushinda, au mwalimu mkuu ana gubu, au umepata mchumba Arusha. Mimi usiniandike. Nakupenda mno, sitaki kuwa sababu kwenye faili lako.

Na usinipigie simu kuniuliza najisikiaje. Nipigie uniambie umefundisha nini.

Nimeweka bahasha kubwa ya kahawia chini kabisa ya begi lako, chini ya sketi, isikunjike. Alhamisi nilimwomba daktari anichapishie picha zangu. Akauliza za nini, nikamwambia binti yangu ni mwalimu wa baiolojia na anakwenda shule ambayo sidhani kama ina hata chati ukutani. Alifurahi, akakaa akachagua mwenyewe vipande vinavyoonesha vyumba vya moyo, na akaongeza kile chenye njano. Waoneshe watoto. Waambie ni moyo wa mtu kweli, si wa kuchorwa, na waambie ulivyo mdogo.

Juu pembeni ya kila picha kuna jina langu. Daktari alitaka kulikata kwa mkasi kwa kuwa ni siri ya mgonjwa, na ni kweli miaka yote hii nimemeza dawa zangu nikiwa nimegeukia ukuta. Nikamwambia aliache. Watoto watakuuliza moyo huu ni wa nani, na mbona una njano nyingi hivyo. Waambie ni wa mtu anayeishi na virusi vya Ukimwi, muuza nyama wa Ngarenaro, baba yako mzazi, na kwamba asubuhi ulipomuacha stendi moyo huu ulikuwa unapiga.

Baba yako